Ufukweni Uingereza, ukiwa umeachiwa nyumba ya mtu

Kwa sisi wa Dar es Salaam tuliozoea mchanga wa Coco Beach na Kigamboni, ufukwe wa Brighton hushangaza kwa kuwa umejaa kokoto, hivyo vaa viatu vya kufunika mguu (ndala utazijutia). Ikiwa umeachiwa nyumba London pamoja na mbwa wa kutunza, muulize kwanza mwenye nyumba mnyama huyo anaweza kubaki peke yake kwa muda gani, kisha panda treni baada ya saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi, ambapo nauli kwa kawaida hushuka, nawe utafika kwa takriban saa moja. Kabla ya kuongozana na mbwa, soma mabango, kwani fukwe nyingi za huko humzuia majira ya joto. Anayetaka mchanga aende Margate, japo ni mbali zaidi.