Salfa Katika Chakula: Namna ya Kuiandaa, Kuihifadhi na Kuikwepa Inapobidi

Mtu aliyevimba midomo au kuchunika ngozi baada ya kumeza SP au Septrin huambiwa kwamba ana mzio wa salfa, na kuanzia siku hiyo wapo wanaoacha mayai, kitunguu saumu na hata kabichi kwa kuhofia kwamba navyo vina salfa. Hofu hiyo haina msingi. Kinachowadhuru ni dawa za kundi la sulfonamaidi, wala si salfa yenyewe, ambayo imo katika kila seli ya mwili na ambayo hakuna binadamu anayeweza kuishi bila kuila. Mgonjwa wa namna hiyo akwepe dawa hizo, ahakikishe mzio wake umeandikwa kwenye kadi yake ya hospitali, lakini chakula chake akiache kama kilivyo. Sulfaiti zinazotiwa katika baadhi ya vyakula ili visiharibike ni jambo jingine tena, nalo nitalieleza baadaye.

Salfa tunayoihitaji huingia mwilini hasa kupitia asidi amino mbili zilizomo katika protini, yaani methionini na sisteini. Mayai, samaki, dagaa, nyama na maziwa vinazo kwa wingi, na ufuta pia. Maharage yana methionini kidogo lakini yana lisini, asidi amino nyingine, kwa wingi, ilhali mahindi ni kinyume chake. Ndiyo maana makande, au ugali kwa maharage, hujenga mwili vizuri kuliko mahindi peke yake au maharage peke yake. Kwa watu wengi wanaokula mchanganyiko wa aina hiyo hakuna haja ya kununua vidonge vyovyote vya salfa.

Umuhimu wa asidi amino hizo huonekana wazi zaidi mahali ambapo muhogo mchungu ndio chakula kikuu. Muhogo una kemikali iitwayo linamarini, ambayo ikivunjwa hutoa sianidi, sumu kali. Mwili hujitetea kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho rodanesi, ambacho huchukua salfa kutoka katika asidi amino zile na kuiunganisha na sianidi ili ipatikane thiosianeti, ambayo sumu yake si kali kama ya sianidi na hutoka kwa mkojo. Anayekula muhogo ambao haukuandaliwa vizuri, siku baada ya siku, bila samaki wala maharage, huishiwa salfa ya kufanyia kazi hiyo. Matokeo yake yanaweza kuwa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu yote miwili kwa ghafla na usiopona, ambao huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Umekuwa ukitokea mara kwa mara huko Kwango nchini Kongo, na hapa Tanzania ulizuka Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame.

Kumenya muhogo na kuuanika juani ukiwa mzima au katika vipande vikubwa, kama yanavyotengenezwa makopa, hakuondoi sumu ya kutosha. Kuuloweka katika maji kwa siku tatu hadi nne mpaka ulainike, kisha kuuanika, ni bora zaidi, lakini ukame unapokuja maji huwa haba na njaa haisubiri siku nne. Kwa hali hiyo ipo njia ya kulowesha unga iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, nayo haihitaji kifaa chochote ambacho hakimo jikoni. Weka unga wa muhogo ndani ya bakuli, usawazishe, na utie alama kwa ndani pale unga ulipofikia. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena, nawe uache kuongeza maji utakapofika kwenye ile alama. Tandaza unga huo mbichi juu ya ungo au mkeka safi, unene wake usizidi sentimita 1, na uuache juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5. Katika muda huo kimeng'enya kilichomo katika unga huivunja linamarini iliyobaki, na sianidi hutoka ikiwa gesi. Unene ndio siri ya kazi nzima, kwa kuwa tabaka nene huizuia gesi kutoka. Songa ugali siku hiyohiyo, kwani unga uliolowa hauhifadhiki. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga, na unga wa wakati wa ukame unaweza kuzidi hapo mara nyingi. Kisamvu nacho kitwangwe mpaka kilainike, kisha kichemshwe vizuri katika chungu kisichofunikwa.

Thiosianeti, hata ikiwa si kali kama sianidi, huzuia tezi ya shingo kupokea madini joto. Mboga za jamii ya kabichi, ikiwemo sukuma wiki, zina kemikali za salfa ziitwazo glukosinoleti zenye athari inayofanana na hiyo zinapoliwa kwa wingi sana, hasa zikiwa mbichi. Suluhisho si kuziacha mboga hizo, bali ni kutumia chumvi yenye madini joto. Glukosinoleti hizohizo ndizo zinazotoa sulforafani, ambayo watafiti wanaichunguza kwa uwezo wake wa kuchochea mwili kuondoa baadhi ya sumu. Huzaliwa pale jani linapokatwa au kutafunwa, na kimeng'enya kinachoizalisha hufa kwa moto mwingi. Basi katakata mboga, ziache kidogo, kisha zipike kwa mvuke au kwa maji machache kwa dakika chache tu. Zikichemshwa muda mrefu, sehemu kubwa ya faida humwagwa pamoja na maji, na nyumba nzima hubaki ikinuka mayai viza.

Kitunguu saumu hufuata kanuni hiyohiyo ya kukata na kusubiri. Punje nzima haina allisini, kemikali ya salfa inayokipa kitunguu saumu harufu yake kali. Hutengenezwa punje inapopondwa, na ukiitumbukiza papo hapo katika mafuta ya moto unakiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi. Iponde na uiache kwa dakika 10 hivi ndipo uikaange. Tafiti zimeonyesha kwamba kitunguu saumu huweza kushusha kidogo shinikizo la damu kwa wenye tatizo hilo, lakini neno la kuzingatia hapo ni kidogo, na sioni sababu ya mtu kuacha dawa za hospitali kwa ajili yake. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, au anayesubiri upasuaji, amweleze daktari ikiwa anakila kwa wingi au anameza vidonge vyake, kwa sababu hupunguza kuganda kwa damu. Kisifungwe kibichi juu ya ngozi ya mtoto, maana huunguza. Kikihifadhiwa ndani ya mafuta kikae kwenye friji na kitumike ndani ya siku chache, kwani mafuta hukinyima hewa, na hapo ndipo bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya chakula, wanapostawi.

Zimebaki sulfaiti, ambazo katika pakiti huandikwa kwa majina yao au kwa namba kuanzia E220 hadi E228. Hutumika katika matunda makavu, divai, baadhi ya juisi za kuchanganya na maji, na kamba wa baharini ili wasifanye madoa meusi. Watu wengi hawadhuriki nazo, ila baadhi ya wenye pumu hubanwa kifua vibaya. Kwa matunda makavu, rangi husaidia: aprikoti iliyotiwa sulfaiti hubaki ya machungwa, na isiyotiwa huwa ya kahawia. Nyama ni jambo la kuangaliwa zaidi. Mwaka 2019 Wakenya walishtushwa na taarifa ya televisheni iliyodai kwamba nyama katika baadhi ya maduka makubwa ilitiwa metabisulfaiti ya sodiamu, mojawapo ya sulfaiti hizo, ili ionekane mbichi. Kemikali hiyo hurudisha wekundu wa nyama iliyochakaa na huiharibu vitamini B1. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, kwa muuzaji anayeuza na kumaliza, na uishuku ile inayobaki nyekundu kwa siku kadhaa huku nyingine zikibadilika rangi.

Mwenye pumu anayebanwa kifua muda mfupi baada ya kula matunda makavu au kunywa juisi ya chupa atumie kipulizi chake, awahi kituo cha afya, na achukue pakiti au chupa ileile ili daktari asome viambato vyake.