C200 au C63: namna ya kuchagua Mercedes ya kawaida au ya AMG

Anayelinganisha C200, Mercedes ya kawaida, na C63 ya AMG, yaani kitengo cha Mercedes cha magari ya kasi, kwa bei ya mnadani peke yake hukosea kwa upande mmoja tu: huiona C63 kuwa nafuu kuliko ilivyo. Gari la V8 (silinda nane) likishatumika miaka sita saba hushuka bei, lakini spea zake hazishuki nalo. Diski ya breki haijui gari lina mmiliki wa ngapi. Kwa hiyo hesabu yenyewe huanza siku unapokabidhiwa ufunguo.

Tunazungumzia W205, toleo la C-Class lililotengenezwa kuanzia 2014 hadi 2021, kwa sababu ndilo lililojaa kwenye minada ya Japani na Uingereza likiwa na usukani wa kulia.

Jua unalinganisha nini na nini

C180 nyingi zina injini ya silinda nne ya cc 1595, nguvu farasi 156. C200 ya kabla ya maboresho ya 2018 ina cc 1991 na farasi 184. Baada ya maboresho ikapewa injini ndogo ya cc 1497 yenye nguvu ile ile, ikisaidiwa na mota ya umeme wa volti 48. Katikati kuna C43: V6 ya cc 2996, turbo mbili, farasi 367 kisha 390, na inavuta kwa magurudumu yote manne. Juu kabisa ni C63, V8 ya cc 3982 yenye turbo mbili, farasi 476, au 510 kwa C63 S. C63 sedani husukumwa na magurudumu ya nyuma tu.

Kisha kuna mtego wa AMG Line. Hiyo ni bampa, rimu na mapambo. C200 yenye AMG Line ni C200, hata kama muuzaji ameandika AMG kwa herufi kubwa na kubandika nembo nyuma. Nembo haina gharama. Angalia namba ya chasisi. Baada ya alama tatu za mwanzo, mara nyingi WDD, tarakimu sita zinazofuata ndizo zinazosema gari ni lipi: 205040 ni C180 ya cc 1595, 205042 ni C200 ya cc 1991, 205064 ni C43, 205086 ni C63, na 205087 ni C63 S. Tarakimu ya saba, inayofuata hizo sita, ikiwa 2, usukani ni wa kulia. Kwa macho, C63 halisi ina madigadi ya mbele yaliyopanuliwa, kwa hiyo bampa na madigadi ya C200 hayaingiliani nayo, na juu ya injini kuna kibao chenye sahihi ya fundi aliyeiunganisha. C43 haina kibao hicho, na wala si udanganyifu. V6 yake haiundwi na fundi mmoja.

Ushuru hausomi nembo, husoma cc

Kenya hairuhusu kuingiza gari la zaidi ya miaka minane tangu usajili wa kwanza, hivyo anza na mwaka kabla ya kitu kingine. Ushuru wa bidhaa kwa gari la petroli hadi cc 1500 ni asilimia 20, juu ya hapo 25, na likizidi cc 3000 ni 35. Tazama matokeo yake: C200 mpya ya cc 1497 iko kwenye asilimia ndogo kuliko C180 ya cc 1595, ambayo ni gari la chini yake. C43 ya cc 2996 imepita chini ya mstari kwa cc nne tu. C63 inaingia kwenye 35 moja kwa moja. Asilimia hizo hupigwa juu ya thamani ambayo mamlaka ya mapato yenyewe imeipangia gari. Bei uliyolipa mnadani haiangaliwi, kwa hiyo usijipongeze mapema kwa kuokota C63 kwa bei ya chini.

Tanzania ina mistari yake: cc 1000 hadi 2000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 5, juu ya 2000 ni 10, na gari lililopita miaka minane huongezewa tozo ya uchakavu. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) ukiwa na mwaka na modeli kamili.

Tairi ndizo zitakazokuamulia

Chukua kalamu. C200 ya rimu ya inchi 17 hutumia 225/50 R17. Asilimia 50 ya milimita 225 ni 112.5: huo ndio urefu wa mpira kati ya rimu na shimo la barabarani. C63 S mbele hutumia 245/35 R19, yaani milimita 86. Umepoteza karibu milimita 27 za mto, na gari lenyewe ni zito zaidi. Ukiingia kwenye shimo lenye kingo kali kwa kilomita 60 kwa saa, C200 itakushtua. C63 S itapasua ubavu wa tairi au kupinda rimu, pengine vyote viwili.

Usidhani utazivisha rimu ndogo. C63 ya kawaida hutoka na inchi 18 kwa sababu diski zake za mbele zina kipenyo cha milimita 360. C63 S ina diski za milimita 390, na kwake 19 ndiyo ya chini kabisa. Inchi 17 haipiti kwenye kalipa ya breki.

Jambo la pili ni ukubwa tofauti mbele na nyuma: 245 mbele, 265 nyuma. Huwezi kuhamisha tairi za nyuma kwenda mbele ili ziishe sawasawa. Za nyuma ndizo zinazobeba torki (nguvu ya msokoto) ya Nm 650 au 700, na kwa mwenye mguu mzito huweza kuisha kabla ya kilomita 15,000. Hata C200 ya AMG Line yenye inchi 18 ina shida hiyo ya ukubwa tofauti, 225/45 mbele na 245/40 nyuma. Ukipata C200 ya inchi 17 iliyo sawa pande zote, hiyo ndiyo ya barabara zetu.

Hakuna tairi ya akiba kwenye C63. Kuna pampu na chupa ya gundi tu, na gundi haizibi ubavu uliopasuka. Ukisafiri Nairobi hadi Mombasa au Dar hadi Dodoma, jua kabla ya kuondoka ni duka gani njiani lina 265/35 R19. Mara nyingi jibu ni hakuna.

Petroli

Mjini kwenye foleni, hesabu kilomita 9 hadi 10 kwa lita kwa C200, na 5 hadi 6 kwa C63. Kwa anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka, C200 itakunywa kama lita 1,580 na C63 kama lita 2,730. Tofauti ni lita 1,150. Zidisha mwenyewe kwa bei ya kituo chako leo.

Soma pia kibandiko ndani ya kifuniko cha tenki. C63 inadai oktani 98, na petroli ya kawaida ya vituo vingi vya Afrika Mashariki haifiki huko. Injini haitakufa: kihisi kikisikia kugonga kwa mwako usiofaa, kompyuta huchelewesha cheche. Lakini kila inapochelewesha, inapunguza nguvu. Umelipia farasi 476 na unaendesha pungufu, siku zote, kwa bei kamili.

Ukaguzi wa C200 na C180

Dai gari liwe limelala usiku mzima, injini baridi kabisa. Simama mbele, boneti wazi, mtu mwingine awashe. Injini ya M274, iliyo kwenye C180 ya cc 1595 na C200 ya kabla ya maboresho, ikitoa mkwaruzo wa sekunde mbili tatu kisha ikatulia, gia za kemshafti (mhimili unaofungua vali) zinalegea. Hiyo ni kazi ya kufungua sehemu ya mbele ya injini, si ya kubadilisha plagi.

Halafu chomoa soketi za sumaku za kemshafti, mbele ya kichwa cha injini. Futa ndani kwa karatasi nyeupe. Ukikuta oili, usiishie hapo: oili hupanda taratibu ndani ya waya zenyewe na hatimaye huweza kufika kwenye kompyuta ya injini. Sumaku ni rahisi, kompyuta si rahisi.

C200 ya cc 1497, pima mfumo wa volti 48 kwa mashine ya Mercedes na utafute kumbukumbu za hitilafu za betri hiyo. Ikifa, gari huweza kukataa kuwaka, hata betri ya kawaida ikiwa mpya. Punguzo la ushuru linaweza kuishia hapo.

Baadhi ya C-Class hizi zina springi za upepo. Ukikuta gari limeinama kona moja asubuhi, puto linavuja. Kwa barabara ya vumbi, chagua springi za chuma.

Ukaguzi wa C63

Tairi za nyuma zipapase upande wa ndani, si wa nje unaoonekana. Huko ndiko huisha kwanza. Soma tarakimu nne za tarehe: 3521 ni wiki ya 35 ya 2021. Tairi nne za kampuni nne ni dalili kwamba mwenye gari alishindwa kulitunza, na hutakuwa umekosea sana ukidhani oili nayo aliinunua hivyo hivyo.

Pima unene wa diski kwa kalipa ya kupimia na ulinganishe na kipimo cha chini kilichopigwa chapa kwenye diski yenyewe. Chunguza matundu: nyufa nyembamba zikitoka tundu moja kuelekea jingine, diski imekwisha hata kama unene upo. Diski za rangi ya kijivu isiyong'aa ni za kauri. Zikikaribia mwisho, liache gari hilo.

Turbo zimekaa katikati ya V, kwa hiyo joto lote liko juu ya injini. Feni kuendelea kuzunguka baada ya kuzima ni kawaida. Harufu tamu ya kipozeo si kawaida. Piga tochi uone hosi za plastiki zilizokauka na kupasuka. Kisha uwanjani, kata usukani mwisho na utembee polepole kwa duara pande zote: mgongano wa chuma kutoka nyuma ni difu.

Mwisho, tafuta kama kompyuta imechezewa na kama vichujio vya moshi vimeondolewa. C63 iliyoongezwa nguvu na mtu usiyemjua haina bei nzuri, ina bei tu.

Uchague lipi

Gari likiwa ndilo pekee la nyumbani, la kazini na la kwenda kijijini, chukua C200 ya cc 1991 kama mwaka wake bado unaruhusiwa, au iliyokwisha kuingia nchini. AMG Line ukipenda sura. Anayetaka kasi kweli lakini ana foleni na mvua, C43 ina akili zaidi kuliko watu wanavyoisema, ingawa yenye usukani wa kulia hurukaruka tairi za mbele ukikata kona kali ikiwa baridi. Si ugonjwa, ni jiometria.

C63 ni ya mwenye gari jingine. Kabla ya kulipa arubuni, piga simu kwa bima uulize kama wanaikatia bima kubwa na kwa masharti gani. Kampuni nyingine hazitaki. Tenga pembeni fedha za tairi nne, diski na pedi za mbele, oili ya difu, na oili ya injini ya 0W-40 yenye idhini ya MB 229.5: karibu lita 9 kwa mara moja, wakati C200 inataka 6 hadi 7. Badilisha kila kilomita 7,500 au 8,000, usingoje kompyuta ikukumbushe. Fedha hizo zikikosekana baada ya kununua gari, bado hujaweza kununua gari hilo.