Minnesota au Texas? Linganisha pesa inayobaki mkononi baada ya makato kabla hujafunga virago

Mwaka 2024 binamu yangu alinipigia simu Jumapili usiku, amefurahi kupita kiasi. Amepata kazi ya kutunza wazee karibu na Dallas. "Dada, Texas hawakati ushuru!" Wakati huo alikuwa Brooklyn Park, Minnesota, akilipwa dola 22 kwa saa. Huko walikuwa wanampa 20. Nikamwambia asijibu chochote mpaka tukae chini na daftari.

Hesabu zilizo hapa ni za mwaka huo, za mtu asiye na mke wala watoto. Viwango hubadilika kila Januari, kwa hivyo weka vya mwaka wako.

Hatua ya 1: Ondoa yanayofanana

Ushuru wa serikali kuu ya Marekani ni uleule popote uishipo. Social Security (makato ya pensheni ya serikali) ni asilimia 6.2, Medicare (makato ya bima ya afya ya wazee) 1.45. Kwenye ushuru wa mapato, kinachobaki kulinganisha ni cha jimbo tu: Texas haina, Minnesota inaanzia asilimia 5.35 na kufika 9.85 kwa wenye mapato makubwa.

Hatua ya 2: Soma slipu ya mshahara vizuri

Hapa ndipo mimi niliwahi kukesha mpaka saa nane usiku, na bado nikakosea. Nilichukua slipu yangu ya mwisho, nikazidisha, nikajiona tajiri. Kumbe wiki zile mbili nilikuwa nimefanya zamu tatu za ziada, na mbili zilikuwa za usiku. Nililinganisha ovataimu yangu na mshahara mkavu wa kazi mpya, nikaikataa kazi ambayo ingenifaa.

Kwa hivyo usianze na kiasi kilichoingia benki. Anza na malipo ya saa ya kawaida, zidisha kwa 40, kisha kwa 52. Ovataimu na nyongeza ya usiku au wikendi ziandike kando, kwenye mstari wake. Kazi mpya ina nyongeza hizo? Uliza, tena wakujibu kwa maandishi. Maneno ya simu hayalipi kodi ya nyumba.

Halafu angalia unalipwa lini. Kulipwa kila wiki mbili si sawa na kulipwa mara mbili kwa mwezi. Ya kwanza ina malipo 26 kwa mwaka, ya pili 24. Dola 45,760 kwa mwaka ni 1,760 kwa kila malipo ukigawa kwa 26, na karibu 1,907 ukigawa kwa 24. Mshahara ni uleule, lakini slipu ya pili inaonekana nono. Nimeona watu wakihama kwa sababu ya tofauti hii ambayo haipo. Peleka kila kitu kwenye mwaka kwanza, ndipo ugawe kwa 12.

Sasa makato. Bima ya afya ya kazini kwa kawaida hukatwa kabla ya ushuru, kwa hivyo inapunguza hata Social Security. Akiba ya uzeeni ya 401(k) ya kawaida inapunguza ushuru wa mapato, lakini Social Security na Medicare hazipungui. Ukiwa unaweka akiba Minnesota na Texas hutaweka, utaona pesa ya mkononi imepanda na utasifu Texas bure. Weka akiba ileile pande zote mbili. Bima usiikisie. Muulize mwajiri mpya mambo mawili: nitakatwa ngapi kila malipo, na nitalipa ngapi mfukoni kabla bima haijaanza kulipa. Binamu yangu alikuwa ameuliza "bima ipo?" akajibiwa "ipo". Ikaishia hapo.

Vile vikokotoo vya mtandaoni vinavyokupa jibu moja, "Dallas ni nafuu kwa asilimia kadhaa", mimi sivitumii. Havijui unaishi na nani wala unafanya zamu gani. Jedwali la Excel la mistari kumi linatosha. Hata kalamu inatosha.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Minnesota, dola 22: 45,760 kwa mwaka. Toa ushuru wa serikali kuu 3,507, Social Security na Medicare 3,501, ushuru wa jimbo 1,668. Kunabaki 37,084, karibu 3,090 kwa mwezi, kabla ya bima.

Texas, dola 20: 41,600. Toa 3,008 na 3,182. Kunabaki 35,410, karibu 2,951 kwa mwezi.

Binamu alinyamaza. Tukatafuta mshahara wa Texas ambao ungemwacha palepale alipo, tukapata dola 21 kwa saa. Ushuru wote wa jimbo uliokuwa ukimtia kiwewe ulikuwa na thamani ya dola moja kwa saa. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo kwa mwajiri.

Mwenye watoto asiifuate hesabu hii. Minnesota huwapa wazazi wa kipato cha chini hadi dola 1,750 kwa kila mtoto, na Texas haina kitu kama hicho.

Hatua ya 4: Matumizi

Kodi ya nyumba: tazama matangazo ya nyumba za mtaa utakaoishi, si wastani wa mji. Minnesota nyumba nyingi za zamani hujumlisha joto la baridi ndani ya kodi. Texas umeme unanunua mwenyewe, na Agosti kiyoyozi hakizimwi. Soma mkataba wa umeme kwa makini: mingine ni rahisi tu ukitumia uniti 1,000 na zaidi, ukitumia 900 bei inaruka.

Gari: Dallas bila gari ni taabu. Omba bei ya bima kwa anwani ya huko, na ongeza barabara za kulipia, ambazo Minnesota karibu hatuzijui.

Ushuru wa mauzo: Minneapolis asilimia 9.025, Dallas 8.25. Lakini Minnesota nguo hazitozwi, Texas zinatozwa. Chakula cha kupika nyumbani hakitozwi kote kuwili.

Afya, kama saa zako hupunguzwa mara kwa mara: Minnesota ina MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo. Texas haikupanua Medicaid, bima ya serikali kwa maskini, na mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu hapati.

Hatua ya 5: Gharama ya kuhama

Lori, amana ya nyumba, na wiki za kukaa bila mshahara ukisubiri cheti chako cha CNA (muuguzi msaidizi) kiandikishwe kwenye rejista ya Texas. Jumlisha, kisha gawa kwa faida ya mwezi ili ujue itarudi baada ya miezi mingapi. Binamu aliomba 22, wakampa 21.50, na kwa hesabu yake ingechukua zaidi ya mwaka. Alienda hivyo hivyo, kwa sababu dada wa mama yake yuko Arlington, karibu na Dallas, na baridi ilikuwa imemchosha.

Mwaka wa kuhama, Minnesota bado inataka fomu yake ya ushuru kwa miezi uliyoishi huko: M1 pamoja na M1NR. Hifadhi slipu ya mwisho.