Kuanzisha kikundi cha vijana wenye ulemavu na wazazi wao mtaani

Kikundi cha namna hii huuawa na mambo mawili kuliko mengine yote: nauli, na wazazi kuwasemea vijana. Yapange haya kabla hujatafuta katiba, mhuri au jina.

Anza na vijana wanane hadi kumi na wawili, kila mmoja na mzazi au mlezi wake. Wakizidi hapo, wasiozoea kusema mbele za watu watanyamaza. Waulizie kliniki ya mazoezi tiba, shule zenye kitengo maalumu, msikitini na kanisani, na kwa afisa ustawi wa jamii. Lakini wapo wasiotoka nyumbani kabisa. Hao anayewajua ni mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii, maana yeye huingia hadi uani. Umri usipishane sana, kwani wa miaka 13 na wa 24 hawana maongezi mamoja. Aina za ulemavu zinaweza kuchanganyika bila shida, ila usimwingize kiziwi mmoja peke yake. Wawe wawili au watatu, na mkalimani wa lugha ya alama awepo tangu siku ya kwanza, la sivyo kijana huyo atakaa akitazama midomo ya watu. Na unapowaalika, usitaje kitimwendo wala posho. Aliyekuja kwa ahadi ataondoka nayo.

Mahali pa kukutania pakague kwa futi ya kupimia. Mlango uwe na upana usiopungua sentimita 80. Kama kuna kizingiti au ngazi, zidisha kimo chake mara 12 upate urefu wa mteremko: ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180. Ubao mfupi wa kuegesha tu utampindua mtu na kiti chake. Choo kiwe na mlango unaofunguka kwa nje, maji, na pa kujifungia, kwa sababu kijana mwenye mgongo wazi (aliyezaliwa uti wa mgongo haujafunga) anayetoa mkojo kwa mrija hufanya hivyo kila baada ya saa tatu au nne. Akikosa faragha hatarudi, wala hatakwambia sababu. Mwenye ualbino akae akiupa mgongo dirisha, mwanga usimchome macho. Msemaji naye asisimame mbele ya dirisha, maana viziwi wataona kivuli cha uso tu.

Sasa nauli. Wanaopanda daladala na wanaohitaji bajaji hawana gharama sawa, na hapo ndipo manung'uniko huanzia. Kanuni inayosaidia ni hii: mchango ni sawa kwa wote, nauli hulipwa kwa kadiri ya hitaji. Tuseme vijana watatu wanahitaji bajaji, na kila mmoja akienda peke yake ni shilingi 3,000 kwenda na 3,000 kurudi. Jumla ni 18,000 kwa kikao kimoja. Elewana na dereva mmoja awapitie kwa zamu, bei ya siku nzima, na awe yuleyule kila mara. Akishajifunza jinsi ya kukunja kiti na kumwinua mtu bila kumvuta mikono, ana thamani kuliko punguzo lolote. Fedha zikibana, afadhali mkutane mara moja kwa mwezi watu wote wakiwepo kuliko kila wiki bila wale watatu.

Kikao kiwe cha saa mbili, mfano Jumamosi saa nne hadi saa sita mchana. Dakika 20 za mwanzo kaeni pamoja, kisha gawanyikeni kwa saa moja: vijana kwao, wazazi kwao. Muda uliobaki rudini pamoja. Kutengana huku ndiko moyo wa kazi yenyewe. Mzazi aliyemlisha na kumwogesha mwanawe miaka kumi na sita amezoea kujibu kabla hajaulizwa, na anafanya hivyo kwa mapenzi. Kijana naye hawezi kuuliza habari za mapenzi, hedhi au kutaka kuhama nyumbani huku mama yupo ubavuni. Anayehitaji msaada wa mwili asaidiwe na mtu asiye wa nyumbani kwake.

Wawezeshaji wa vijana wawe vijana wenyewe wenye ulemavu, wawili. Wafundishwe kungoja. Kijana mwenye mtindio wa ubongo akiulizwa, huenda shingo ikajikaza kwanza, mdomo ukafunguka, na sauti ikachelewa. Mwezeshaji ahesabu kimoyomoyo hadi kumi, macho yakiwa kwa kijana, asimmalizie sentensi. Asiyetamka akubaliane na wenzake ishara ya ndiyo na ya hapana, hata kama ni kutazama juu au chini, na aulizwe swali moja moja.

Upande wa wazazi, hatari ni ushauri wa dawa. Wekeni marufuku: hakuna kubadili dozi ya kifafa kwa neno la mwenzako, kwani kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika. Mtu akianguka kikaoni, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, tazameni saa. Ikipita dakika tano, hospitali.

Mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia 2 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, upo, lakini usiharakishwe. Deni likiingia mapema, aliyeshindwa kulipa huona aibu kuja, na huyo ndiye anayehitaji wenzake zaidi.

Yanayosemwa kwa vijana hubaki kwa vijana, isipokuwa lile wanalochagua wenyewe kulipeleka kwa wazazi. Picha zisipigwe. Siri ina mpaka mmoja, nao utajwe kila kikao: mtu akisema anapigwa, anafungiwa au anachezewa mwili, mwezeshaji hanyamazi wala hamkabili mtuhumiwa. Kwa aliye chini ya miaka 18 hupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, bure. Kwa yeyote, huenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, siku hiyohiyo.