Somo: Jaribu telekonveta yako kwa simba wa elfu mbili

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii nimeulizwa mara tatu kama telekonveta (kile kipande kinachokaa kati ya kamera na lenzi ili kuvuta mbali zaidi) "inaua picha". Yangu ya 2x ilikaa kabatini miezi minane huku nikimlaani aliyeniuzia, kisa picha za duma zisizo kali nilizopiga Serengeti saa saba mchana. Kumbe ni hewa ya moto ya mbugani inayotetemeka. Jaribuni nyumbani kwanza.

Hesabu yake: 1.4x inakula stopu moja (yaani nusu ya mwanga), 2x inakula mbili. Namba ya f ni ya tundu la lenzi linalopitisha mwanga: namba ikipanda, tundu linapungua. Lenzi yangu ya 300mm f/4 inakuwa 420mm f/5.6 au 600mm f/8.

1. Asubuhi, ukuta ukiwa bado wa baridi, bandika noti tano za elfu mbili za Tanzania: katikati moja, pembeni nne. Gazeti silipendi, wino wake huvuja. Simba wa kwenye noti ana vistari vyembamba vya manyoya ya shingo, havidanganyi.

2. Weka tripodi hatua kumi kutoka ukutani, kamera iutazame ukuta bila kuinama. Zima kizuia mtikisiko. Tumia taima ya sekunde mbili. Kamera ya kioo (DSLR), kioo kiinuliwe kwanza.

3. ISO 100, mafaili ghafi (RAW). Hapa ndipo wengi tunapoharibu: fokasi. Kuza skrini mara kumi, zungusha kwa mkono mpaka vistari vitengane. Piga, vuruga fokasi, itafute upya, piga tena. Mara tatu kwa kila tundu, kisha chukua iliyo kali zaidi. Ukipiga moja tu, unapima mkono wako.

4. Lenzi tupu: f/4, 5.6, 8. Na 1.4x: f/5.6, 8, 11. Na 2x: f/8, 11, 16.

5. Kwenye kompyuta, kata picha ya lenzi tupu na uikuze ilingane na ya telekonveta. Kama telekonveta haikuonyeshi unywele hata mmoja zaidi ya hiyo iliyokuzwa, umebeba uzito wa bure.

Yangu: 1.4x kwenye f/8 sioni tofauti ya maana na lenzi tupu. 2x kwenye f/8 ina ukungu, simba kama kamwagiwa maziwa. F/11 manyoya yanafunguka. F/16 yanalainika tena, maana mwanga hupinda kwenye kingo za tundu dogo.

MASWALI

– Mkuu, namba ya f inayoonekana kwenye kamera ni ya lenzi peke yake au ya jumla pamoja na telekonveta?
Telekonveta yenye pini za umeme ikionana na lenzi, kamera huonyesha ya jumla. Isiyo na pini, piga hesabu mwenyewe.

– Kaka, fokasi ya otomatiki inahangaika nikiweka 2x.
Kamera nyingi za kioo huishia f/5.6, nyingine hufika f/8 kwa nukta ya katikati tu. Zisizo na kioo zina nafuu.

– Noti zangu kali, ila swala bado wamelainika. Kwa nini?
Dada, injini ilikuwa imezimwa? Mwambie dereva azime, egemeza lenzi kwenye mfuko wa maharage dirishani, na mnyama wa mbali mchana mwache.

– Noti ya Kenya inafaa?
Yoyote, mradi haijakunjwa. Ila ukimaliza zihesabu. Mimi nilibandua nne, na mwanangu hadi leo anasema hajui kitu.