Mashine ya boti inakosa nguvu ukipiga resi? Angalia haya kabla hujafungua kabureta

Inawaka kwa mvuto mmoja, kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila resi, imetulia kama cherehani, lakini ukiongeza resi inakohoa na kuishiwa pumzi. Ikikufika hiyo, weka spana chini kwanza.

Anza na mafuta. Chota kidogo kwenye chupa inayoonyesha, yaache yatulie. Kama yana maji, yatakaa chini. Petroli iliyolala miezi kwenye dumu usiitumie. Kwa tustroku, zile za kuchanganya oili na petroli, mashine nyingi zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, ila fuata kitabu cha mashine yako, usifuate jirani. Toa plagi zote: moja ikiwa imelowa na mwenzake kavu, kuna silinda haichomi. Angalia nyuzi za nyavu kwenye propela, na uchomoe waya za plagi kabla hujaigusa. Mlio ukipanda halafu boti haiongezi mwendo, huenda mpira wa ndani ya propela umeachia. Hapo usihangaike na mafuta.

Sasa tangi. Mwaka juzi tulinunua mashine ya mtumba ya hosipawa 15 kwa ajili ya boti ya mjomba pale bwawa la Nyumba ya Mungu. Fundi wa Moshi akaitumbukiza kwenye pipa la maji, akapiga resi mpaka majirani wakatoka nje. Tukalipa. Kufika bwawani, dakika tano za kasi, ikafa polepole. Ukisubiri kidogo inawaka tena, kisha ni yale yale. Tukasafisha kabureta mara mbili, tukanunua plagi mpya, na nauli za Moshi kwenda na kurudi sizihesabu. Safari ya nne tulimpakia kijana muuza perege. Akashika kile kibofu cha mpira cha kupampia mafuta, akauliza, "Bro, hiki mbona kimebonyea hivi?" Kilikuwa bapa kama chapati. Akalegeza kifuniko cha tangi, likavuta hewa: fyuuu! Skrubu ya hewa juu ya kifuniko tuliifunga wenyewe siku ya kusafirisha, petroli isimwagike kwenye pikapu. Na kule kwenye pipa fundi alitumia tangi lake. Mjomba hakusema neno hadi tunafika nchi kavu.

Kwa hiyo kibofu kikibonyea, kizuizi kiko upande wa tangi: skrubu ya hewa, chujio, au mpira uliokunjika. Kama hakijabonyea, lakini ukikiminya mashine inapata nguvu, shuku pampu ya mafuta. Hayo yote yakiwa sawa, ndipo ufungue kabureta, uanze na jeti kubwa, kile kitundu cha kupitisha petroli. Ndiyo inayolisha kwenye kasi. Sailensa ina njia yake ndogo, ndiyo maana inaweza kukudanganya kwa utulivu.

Pipa nalo linadanganya, halina mzigo. Usilipe mpaka umeijaribu majini, watu wakiwa ndani. Angalia na kale kamchirizi ka maji pembeni ya mashine: kakikatika, zima upesi, inachemka. Tena usivute sigara karibu na dumu, mwachie mtu wa nchi kavu habari za unakoelekea, maboya yavaliwe yasikaliwe, na kafi iwe botini hata kama mashine ni mpya.