Boila ya mafuta imezeeka, ubadilishe au ubaki nayo?

Hii ni kwa nyie mnaokaa vijijini Uingereza, kule gesi ya bomba haijafika na nyumba inapashwa moto kwa mafuta ya taa, ndio, yaleyale ya jiko la mchina, ila huku yanakaa kwenye tangi uani lita elfu na zaidi. Boila ina miaka ishirini na kitu, fundi kaja kufanya sevisi kakwambia badilisha tu, weka ya kondensi, ile inayovuna hata joto la moshi wake, utaokoa sana. Usisaini kwanza.

England na Wales tangu 2007 boila mpya ya mafuta lazima iwe ya kondensi, labda nyumba chache tu ambazo haiwezekani. Kwa hiyo huchagui aina, unachagua lini, na hilo linategemea ya zamani inakula mafuta kiasi gani.

Tafuta risiti za mafuta za mwaka mzima. Tuseme ni lita 2,000. Kama boila yako inafanya kazi kwa asilimia 70, yaani hicho ndicho kiasi cha joto la mafuta kinachofika nyumbani, na mpya itakupa 90, utashuka hadi kama lita 1,560, umeokoa 440. Lakini kama ya zamani bado inatoa 80 unaokoa lita 220 tu, na kwa bei ya mfano ya pensi 70 kwa lita hiyo ni pauni 154 kwa mwaka, sasa kotesheni ikija pauni 4,000 utangoja miaka 26 hela irudi, na sidhani kama boila yenyewe itafika huko.

Hiyo asilimia unaipata wapi? Kwenye sevisi fundi anachomeka kimashine kwenye bomba la moshi, kinatoa kikaratasi kama risiti ya supamaketi, mwombe akuachie. Ila usikiamini chote, kinapima moto unavyowaka dakika ile, hakihesabu joto linalopotea kwenye bati la boila lenyewe siku nzima boila ikijiwasha na kujizima. Ukikuta chumba cha boila kinakausha nguo chenyewe, jua unalipia hilo joto, toa pointi kadhaa kwenye ile asilimia.

Sasa hapa ndipo wengi wanapigwa. Kondensi maana yake moshi unapozwa mpaka mvuke uliomo ugeuke maji na kuachia joto lake, na kwa mafuta hilo linaanza pale maji yanayorudi toka kwenye radieta yakiwa chini ya nyuzi 47 hivi (gesi ni kama 55, ndio maana yenyewe inafaidi zaidi). Ukiiseti ipeleke maji ya nyuzi 75 kama ulivyozoea, maji yanarudi kwenye 60 huko, umenunua kondensi isiyokondensi. Jaribu na hiyohiyo kuukuu: siku ya baridi kali shusha thamostati ya boila (sio ya chumbani) hadi nyuzi 60, uone nyumba inapata joto au watoto wanavaa makoti. Ikipata joto, radieta zinatosha kwa kondensi. Ukimaliza irudishe ilipokuwa, maana boila ya zamani ikizungusha maji ya uvuguvugu muda mrefu inatoa unyevu wenye asidi ndani na chuma kinaliwa.

Kotesheni iwe na bomba jipya la moshi, maana huu moshi umelowa na unakula dohani ya matofali, na bomba la kumwaga yale maji ya asidi, likipita nje liwe nene na lifunikwe vizuri, la sivyo Januari linaganda na boila inagoma. Na radieta zisafishwe lile tope jeusi. Fundi awe amesajiliwa OFTEC, shirika linalosajili mafundi wa mafuta.

Ulizia na bei ya pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto toka nje, England na Wales kuna Boiler Upgrade Scheme, ruzuku ya serikali iliyokuwa inachangia pauni 7,500 mwaka 2024, boila mpya ya mafuta haipati hata senti.

Mimi boila ikivuja kwenye mwili wake wa chuma au spea hazipatikani nabadilisha, sina mjadala. Haivuji na kikaratasi kinasoma 85 kwenda juu? Nozeli mpya ya kupulizia mafuta, sufi nene ya kuzuia joto kule darini, nakaa nayo. Ukiamua kubadilisha fanya Mei au Juni, Novemba mafundi hawashikiki.